Husuni Kubwa Haikuwa Ngome

Mashariki ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, mwendo wa kama maili moja, ipo rasi ya jabali iliyojitokeza baharini, na juu yake yapo magofu ya jengo lenye vyumba zaidi ya mia moja. Wenyeji huliita Husuni Kubwa. Husuni ni neno tulilolichukua katika Kiarabu, na maana yake ni ngome. Kwa ajili ya jina hilo, wengi wanaolitaja jengo hili hulitaja kama ngome: mwalimu darasani, mwandishi wa makala za utalii, mzazi anayemweleza mwanawe picha iliyo kwenye kalenda. Husemwa kwamba sultani alijenga ngome juu ya mwamba ili ajilinde. Ukiuliza alijilinda na nani, kila mtu ana jibu lake. Huyu atataja maharamia, yule watu wa bara, na wapo watakaotaja Wareno, ingawa Wareno waliiona Kilwa mwaka 1500 na mjenzi wa Husuni alikuwa kaburini tangu karne ya 14.

Mimi nakataa. Jengo lile halikukusudiwa kuwa ngome, wala halina sura ya ngome. Wala sibishani juu ya neno tu. Tukishasema ngome, tumeshasema hofu. Na tukishasema hofu, tumeisoma historia nzima ya Kilwa kuanzia mlango usio wake.

Nianze kwa kuwapa wapinzani wangu haki yao. Mahali penyewe pana kishawishi. Ukisimama juu ya jabali lile unaiona bahari kama iliyo kiganjani, na chombo hakiwezi kuja usikione. Duniani kote watu wamejenga ngome katika rasi za namna hiyo. Katika rasi ya Dingle, upande wa magharibi wa Ireland, kuna Dunbeg, ngome ya kale iliyokaa ukingoni mwa mwamba, ambayo sehemu yake imekwisha kumegwa na bahari. Kaskazini mwa Scotland kuna Burghead, ngome kubwa ya Wapikti, watu wa kale wa huko. Kuta zake nyingi zilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19 ulipojengwa mji mpya, lakini mchoro wa Jenerali William Roy uliochapishwa mwaka 1793 umetuhifadhia sura yake ya zamani. Ngome hizi za rasini zinafuata kanuni moja, nayo haihitaji shahada kuielewa. Bahari inalinda pande tatu bure. Upande wa nne, ile shingo inayoiunganisha rasi na nchi kavu, ndio udhaifu wenyewe, na hapo ndipo nguvu zote za mjenzi huelekezwa. Dunbeg ina matuta na mahandaki yaliyofuatana, na nyuma yake ukuta mnene wa mawe. Burghead ilikuwa na maboma matatu yaliyoikata shingo ya rasi kutoka pwani hadi pwani. Anayetaka kujua kama jengo la rasini ni ngome hana haja ya kutazama baharini. Ageuke atazame nyuma, kwenye shingo.

Basi na tugeuke. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyeichimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, na akatoa vitabu viwili vikubwa juu yake mwaka 1974, alikuta nini upande wa nchi kavu wa Husuni Kubwa? Hakukuta handaki wala tuta. Alikuta ua mkubwa, unaoitwa Ua wa Kusini, uliozungukwa na safu za vyumba ambavyo kwa umbo na mpangilio wake ni maghala na vyumba vya biashara. Na ua huo haukumalizika kujengwa. Yaani pale hasa ambapo mwenye hofu angeanzia kazi, mwenye Husuni aliweka mizigo yake, tena akapaacha kazi ikiwa katikati. Hoja hii peke yake ilitosha kuufunga mjadala, na nashangaa kuiona haitajwi.

Sasa upande wa bahari. Kwenye ngome za rasini, upande huo ndio usioingilika. Husuni Kubwa imefanya kinyume: mlango wake mkuu uko baharini. Katika ncha ya rasi kuna ngazi pana inayoshuka hadi ufukweni, na chini yake pana msikiti. Mtu aliyekuja kwa dau alishuka mchangani, akaswali, kisha akapanda ngazi hadi nyumbani kwa mwenyeji wake. Hakuna mtu anayejenga ngazi pana kutoka ufukweni mpaka sebuleni kwake ikiwa anaamini kwamba adui yuko baharini. Ngazi ile ni ya kupokea wageni, na upana wake ni adabu ya mwenyeji.

Ukishafika juu, kila unachokiona kinazidi kulikana lile jina. Kuna ua ulioshushwa chini ya usawa wa vyumba, wenye madaraja ya mawe kando yake kama mabaraza, ambao wachimbaji waliona ni mahali pa mtawala kukutana na watu. Kuna vyumba vya makazi vilivyopangwa nyua kwa nyua. Kuna paa za tao na za kuba. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, lakini miimo ya milango na mapambo yamechongwa katika tumbawe laini, lile linalokatwa baharini likiwa bichi, maana likiwa bichi huchongeka na likikauka hukaza. Kazi hiyo inataka mpiga mbizi, mchonga mawe na subira. Vigae vilivyofukuliwa humo ni pamoja na seladoni nyingi za China na chupa ya kauri ya zama za Yuan ya mnamo mwaka 1300. Vyombo vya aina hiyo hununuliwa ili wageni wavione.

Halafu kuna birika.

Birika la Husuni Kubwa lina pembe nane, limejengwa kwa ustadi, na liko wazi juu likitazama anga. Wageni wanaofika hulipiga picha kuliko kitu kingine, lakini sijasikia wengi wakijiuliza linatuambia nini. Rasi ile ni jabali. Maji hayapandi jabali yenyewe, lazima yabebwe. Mtu anayengoja kuzingirwa huyahesabu maji kwa kata na kuyafungia ndani ya kisima chenye mfuniko. Huyu aliyamwaga kwenye birika la kuogea, juani. Sijui ushahidi mwingine wa utulivu wa moyo, katika magofu yote ya pwani yetu, ulio mkubwa kama huo. Tena tusiwasahau waliobeba. Hawakuwa jamaa wa sultani, na starehe ya birika lile ilikaa juu ya vichwa vyao.

Mjenzi twamjua kwa jina, na hii ni neema kubwa kwa anayesoma magofu. Katika uchimbaji yalipatikana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, yakimtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa sifa ya al-Malik al-Mansur, mfalme aliyenusuriwa. Alitawala Kilwa kuanzia mnamo mwaka 1310 hadi 1333. Ndiye aliyeupanua msikiti mkuu wa Kilwa kwa sehemu kubwa yenye makuba, na sarafu zake za shaba zilisambaa hata moja ikaokotwa Great Zimbabwe, mamia ya kilomita ndani ya bara. Utajiri wake ulitokana na Sofala, bandari ya kusini iliyopitisha dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe. Dhahabu hiyo ilipita mkononi mwa Kilwa kabla ya kupanda na pepo za kusi kwenda kaskazini. Anayeijua biashara ya pwani anajua kwamba nyumba ya mawe ilikuwa hati ya dhamana. Mfanyabiashara wa Aden au wa Ghuba aliyetaka kuacha mali yake mikononi mwa mtu mpaka msimu urudi, alitaka kwanza kuona kama mtu huyo ataonekana mahali pale pale mwakani. Udongo na makuti huhamishika; mawe na chokaa hukaa. Husuni Kubwa, ikionekana kutoka baharini kabla hata mji haujaonekana, ilikuwa ikimwambia nahodha neno hilo.

Wapo watakaonijibu kwa Ibn Battuta, nao wana haki. Msafiri huyo wa Tanja alifika Kilwa mwaka 1331, akiwa mgeni wa sultani huyu huyu, na aliandika kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za watu wa bara, akirudi na ngawira. Hoja yao ni kwamba palipo na vita pana ngome.

Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu inagusa jambo ambalo sisi wa pwani tunapenda kulipitia haraka. Hebu tusome vizuri anachosema. Anasema sultani alikwenda kushambulia; hasemi alishambuliwa. Vita vilitoka Kilwa, havikuja Kilwa. Na kisa chenyewe anachokisimulia kuonyesha ukarimu wa sultani, ukarimu uliompa jina la Abu al-Mawahib, mwenye kutoa, kina mambo ambayo msomaji wa leo hawezi kuyaruka. Fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, Ijumaa, akitoka msikitini. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa fukara kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa ishirini kwa kanzu ya siku moja. Walitoka wapi watu hao, na katika mashambulizi gani?

Hapo ndipo neno ngome linapotudanganya vibaya zaidi. Ngome ni makao ya mwenye kuonewa, au angalau ya mwenye kuogopa kuonewa. Tukimweka al-Hasan bin Sulaiman ndani ya ngome tunamfanya mlinzi, mtu aliyesimama ukutani akitazama hatari inakuja. Tukimweka mahali pake, ndani ya kasri lenye ua wa maghala upande wa nchi kavu na ngazi ya wageni upande wa bahari, tunamwona alivyokuwa: mtu aliyekaa katikati ya njia, mali ikiingia kwa mlango huu na kutoka kwa mlango ule. Hatari, kwa wengi, ilikuwa yeye. Sisemi hivi kwa kumchukia. Nausifu ufundi wa nyumba yake na naona fahari kwamba uko kwetu. Lakini fahari isiyotaka kujua mali ilitoka wapi haiwezi kudumu.

Kuna jengo lingine, ng'ambo ya bonde dogo, liitwalo Husuni Ndogo. Ni boma la pembe nne, lenye ukuta mnene wa kama mita moja, ukishikiliwa na nguzo za nje na viminara. Ndani yake vitu vilivyofukuliwa ni vichache. Wataalamu wamekisia kuwa ni soko, kambi ya askari, makao ya misafara, hata msikiti ambao haukumalizika. Anayetaka kubishana juu ya ngome, uwanja wake uko hapo, na mimi nitamsikiliza. Lakini asiibebe sura ya Husuni Ndogo akaivika Husuni Kubwa kwa sababu tu majina yanafanana.

Kuhusu majina yenyewe, Kilwa ina fundisho lililo karibu zaidi. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na jeshi la Ureno, akauteka mji na kuuteka nyara, kisha akajenga ngome. Hii ilikuwa ngome kweli, ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuogopa. Aliijenga wapi? Hakupanda kwenye rasi ya Husuni. Aliiweka ufukweni mbele ya mji, penye bandari, ili mizinga ifikie vyombo na nyumba za watu. Wareno waliiacha baada ya miaka michache, na baadaye Waomani wakaijenga upya juu ya mabaki yake. Leo tunaiita Gereza. Neno hilo limetokana na Kireno, igreja, yaani kanisa. Basi tuna jengo la kijeshi ambalo jina lake kwa asili ni kanisa, na kwa Kiswahili cha leo ni jela. Hakuna mtu anayesimama mbele ya Gereza akadai kuwa Almeida alijenga kanisa. Kwa nini basi tulitendee jina la Husuni kana kwamba ni hati ya mjenzi? Watu waliokuja baadaye waliyakuta magofu makubwa ya mawe, nyumba yenyewe ikiwa imeshahamwa baada ya muda mfupi wa kukaliwa, wakayaita kwa neno walilokuwa nalo kwa kitu kikubwa cha mawe. Hawakukosea kwa haja yao. Sisi tunakosea tunapoligeuza neno lao kuwa ushahidi.

Anayetaka kuona ngome ya pwani iliyojengwa kwa hofu na kwa hesabu aende Mombasa, kwenye Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati. Aziangalie zile pembe zilizochongoka, kila moja ikiulinda ukuta wa mwenzake. Aende siku moja Mombasa na siku nyingine Kilwa. Hatanihitaji tena.

Nimesema kwamba neno ngome linaleta hofu katika historia, na sharti nieleze ni hofu ya nani. Kwa muda mrefu, tangu enzi ya ukoloni, miji ya mawe ya pwani ilielezwa kama makoloni ya wageni, Waarabu au Waajemi, waliojibanza visiwani wakiliogopa bara. Jiwe lilikuwa la mgeni, udongo wa mwenyeji, na ukuta ulikuwa mpaka kati yao. Chittick mwenyewe, ambaye nimemtegemea kwa mengi hapa, aliwapa wageni sehemu kubwa kuliko ushahidi wake ulivyoruhusu. Wengi wetu tunajivunia kwamba tumeiacha simulizi hiyo. Hatujaiacha. Kila tunapomwambia mtoto kwamba Husuni ni ngome tunamrudishia simulizi ile ile kwa mlango wa nyuma, kwa maana ngome huuliza mara moja nani yuko nje.

Ushahidi wa ardhini unasema nini juu ya huo mpaka? Kilwa ilikaliwa tangu karne ya 9, na tabaka za chini ni za watu wa nyumba za udongo na miti, wavuvi na wafua chuma, waliotumia vyungu vya aina iliyoenea pwani nzima. Mawe yalikuja baadaye, juu ya makazi hayo hayo. Utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000: nasaba za kikeni za Kiafrika kwa wingi, na za kiumeni kutoka Asia, hasa Uajemi. Hadithi ya Kilwa inayosimuliwa katika tarehe ya mji, kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo, nayo ni hadithi ya mapatano. Mtu haoi katika kijiji kisha akachimba handaki kati yake na wakwe zake.

Kuna wanaosema kwamba ramani ya Husuni Kubwa inafanana na makasri ya Iraki ya zama za Waabbasi, na hivyo mjenzi ni mgeni tu. Al-Hasan bin Sulaiman alipata kukaa Aden kwa ajili ya masomo, akahiji, akaona dunia. Mtu aliyeona dunia hurudi na mawazo. Tumbawe alilolitumia halikutoka Iraki. Lilikatwa katika mwamba wa Kilwa, na watu waliojua wapi lilipo laini na lini likatwe walikuwa watu wa Kilwa.

Najua nitaambiwa kwamba wataalamu wameshayasema haya, kwamba vitabuni jengo linaitwa kasri, na kwamba ninapigana na kivuli. Ingekuwa kheri. Lakini vitabu hivyo vingi ni vya Kiingereza, ni ghali, na mwanafunzi wa Kilwa Masoko anayeitazama rasi ile kila siku ng'ambo ya maji hajavishika. Kwake jengo ni jina lake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Kuta zimeshikwa. Maelezo yake kwa Kiswahili bado yameachwa yaporomoke.

Sitaki mtu abadilishe jina. Husuni Kubwa ni jina la watu, na litabaki. Ninachotaka ni njia ya kuliingia jengo. Mgeni, awe mtalii au mtoto wa shule, aletwe kwa mashua hadi chini ya rasi maji yakiwa yamejaa, ashuke mchangani kama walivyoshuka wageni wa sultani. Aonyeshwe palipo na msikiti kwanza. Kisha apande kwa pale zilipokuwa ngazi, polepole, mpaka juu, aketi kidogo kwenye yale mabaraza ya mawe, alione birika na aambiwe maji yalifikaje humo. Ua wa Kusini uwe wa mwisho. Asimamishwe kati ya yale maghala ambayo hayakumalizika, uso wake ukiwa umeelekea nchi kavu, na aulizwe ni vitu gani, na ni watu gani, waliopitishwa hapo.